Halijapoa

Kuna watu wakisikia injini inawaka wanadhani imepona. Watu hao ni wengi, na bahati mbaya ndio wanaopewa kalamu.

Bi Geji hakuwa mmoja wao. Alikuwa fundi wa injini kwa miaka ishirini na sita, na jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa limebaki kwenye kitambulisho tu. Hilo la Geji alipewa na wateja, kwa sababu akimaliza kufunga injini hakumpa mtu funguo. Alivuta kiti kikuukuu cha gari kilichochomoka springi moja, akakiweka pembeni ya mlango wa dereva, akawasha injini, akakaa. Macho yake hayakutoka kwenye geji ya joto, kama mama aliyekaa na mtoto mwenye homa.

"Bi Geji, unasubiri ianze kuongea?" walimtania.

"Inaongea. Wewe ndiye husikii."

Karakana yake ilikuwa na kuta tatu, paa la bati, shimo la kuingia chini ya gari, na sheria moja iliyoandikwa ukutani kwa rangi nyekundu: MOTO MARA TATU, BARIDI MARA TATU. Sheria hiyo ilihusu gasketi ya silinda hedi, ile karatasi ngumu inayokaa kati ya injini na kichwa chake ili maji, oili na moto visikutane. Ukiibadilisha lazima umwage maji yote ya injini, na ukiyarudisha, hewa hujificha kwenye vijia vya ndani. Hewa hiyo haitoki kwa kuombwa. Unawasha mpaka maji yapate moto na thamostati, kile kimlango cha kupitisha maji kwenda kwenye rejeta, kifunguke. Kisha unazima, unaacha injini ipoe kabisa, maji yanashuka, unaongeza. Halafu unaanza upya, na halafu tena.

"Siku nzima?" wateja walilalamika.

"Siku nzima. Wewe ukipewa dawa ya siku saba unameza vidonge vyote asubuhi?"

Basi ndivyo alivyokuwa. Ulimi mkali, mikono safi kuliko ya fundi yeyote mtaani, na hasira zilizokuwa tayari wakati wote, hasa kwa mafundi ambao gari likichemsha dawa yao ni moja tu: ng'oa thamostati, tupa. "Mlango ukikwama unabomoa nyumba?" alikuwa akisema, na hapo ujue atasema nusu saa.

Sasa, hospitali ya mtaa ule ilikuwa na gari moja la wagonjwa. Moja tu. Dereva wake alikuwa shemeji yake Bi Geji, mume wa mdogo wake, mtu mpole ambaye watu walimwita Taratibu. Alikuwa ameendesha miaka ishirini na tisa bila kukwaruza hata kioo cha pembeni, na ulibaki mwaka mmoja astaafu. Gari hilo lilipoanza kutoa moshi mweupe na kunywa maji kama ngamia, likaletwa kwa Bi Geji. Alilifungua akakuta gasketi imeungua upande mmoja. Thamostati haikuwepo kabisa. Bingwa mmoja wa kung'oa alikuwa ameshapita hapo zamani. Bi Geji alimlaani bila kumjua, akapeleka kichwa cha injini kusawazishwa, akaweka gasketi mpya na thamostati mpya, akajaza maji.

Alhamisi asubuhi akavuta kiti chake, akawasha. Aliandika kwenye daftari: mshale umetoka chini; mshale robo; mshale karibu na katikati, mpira wa juu wa rejeta moto, wa chini baridi. Akashika mpira wa chini kila baada ya dakika mbili. Ghafla ukawa moto, na mapovu makubwa yakapanda mdomoni mwa rejeta. Kimlango kilikuwa kimefunguka. Bi Geji akatabasamu, jambo ambalo hakulifanya ovyo, akazima injini, akaandika: moto wa kwanza.

Hapo ndipo afisa wa magari wa hospitali alipoingia, shati limechomekewa, Taratibu nyuma yake.

"Linawaka?" aliuliza afisa.

"Linawaka."

"Basi tunalichukua. Kuna mgonjwa wa kupeleka hospitali kubwa."

"Halijapoa."

"Litapoa njiani, kuna upepo."

Bi Geji alimtazama kuanzia viatu mpaka kichwani. "Bwana afisa, hili si uji. Limepata moto mara moja. Ndani bado kuna hewa. Lipoe kwanza, niongeze maji, nirudie mara mbili. Kesho asubuhi mtalikuta tayari."

"Mama, gari ni la hospitali, si lako. Wewe umeitwa kufunga gasketi. Imefungwa?"

"Imefungwa."

"Basi." Akatoa kitabu cha fomu za kupokelea magari, zile zenye karatasi ya kaboni katikati: ya juu hubaki kwa afisa, ya chini hubaki kwa fundi. Kulikuwa na mstari mfupi ulioandikwa *Hali ya gari*. Mstari wenyewe hautoshi hata jina la mtoto. Bi Geji akaandika neno moja kwa herufi kubwa, akikandamiza kalamu mpaka meza ikalia: HALIJAPOA.

Mwenye nguvu mpishe. Alitoa funguo, lakini kabla shemeji yake hajapanda alimshika mkono wa shati.

"Macho kwenye geji. Mshale ukipanda ukapita katikati, simama, zima, usiguse kifuniko cha rejeta, nipigie."

"Nimekusikia, shemeji."

Saa sita mchana Bi Geji alishindwa kuvumilia, akapiga simu.

"Vipi gari?"

"Poa, shemeji. Poa kabisa."

Akashusha pumzi. Alikula chakula chake kwa raha, akawaza labda safari hii hewa imetoka yenyewe, na labda amezidi kuwa mkali. Mwanadamu akipewa habari anayoitaka, haiulizi maswali.

Saa tisa gari la wagonjwa lilizimika katikati ya mlima likitoa harufu ya chuma kilichoungua. Mgonjwa, fundi rangi aliyeanguka ngazini akavunjika mguu, alihamishiwa kwenye lori la matofali pamoja na machela yake. Alifika hospitali kubwa akiwa mzima na akiwa ameshamtukana kila mtu aliyehusika na hata wasiohusika, na mguu ukafungwa. Hilo Mungu alisaidia. Injini hakuisaidia.

Ijumaa Taratibu alipewa barua. Amesimamishwa kazi kwa kupuuza geji ya joto, kikao Jumanne, akionekana na kosa, atafukuzwa.

Jumamosi afisa wa magari alifika karakana na karatasi iliyopigwa chapa. Safari hii alikuwa mtamu, anaita "mama yangu" kila baada ya maneno matatu.

"Mama yangu, kazi yako tunaijua. Gasketi uliifunga vizuri. Hapa unathibitisha tu kwamba ulimwonya dereva kuhusu geji, na yeye akapuuza. Jina lako linabaki safi, na magari yetu yote yanaendelea kuja kwako."

"Yote? Si mnalo moja?"

"Yatakayokuja, mama yangu."

Bi Geji aliifuta mikono yake kwa tambara, polepole, kidole kimoja kimoja. Ni kweli kwamba alimwonya, na ni kweli kwamba injini imeungua. Na kilichomkera zaidi ni kwamba yeye mwenyewe, moyoni, alikuwa amemkasirikia shemeji yake. Inawezekanaje mtu aambiwe aangalie mshale, auache upande mpaka injini ife, na kwenye simu aseme poa?

"Acha karatasi yako hapo," alisema. "Sijasema nitaweka sahihi, nimesema iache."

Jumapili asubuhi alikwenda kwa mdogo wake. Alimkuta mlangoni, macho mekundu.

"Dada, haongei. Tangu juzi anavaa sare asubuhi, anakaa kitandani na viatu vyake. Nikimwambia vua, anasema bado yuko kazini."

Taratibu alikuwa amekaa kweli ukingoni mwa kitanda, kofia ya kazi magotini. Chumba kilikuwa kimefagiliwa, na juu ya kabati vilipangwa vyeti vyake vya udereva bora, kimoja kwa kila mwaka aliokumbukwa. Bi Geji aliingia na hasira zake, akavuta kigoda.

"Shemeji, niambie ukweli na usinifiche. Ule mshale ulikuwa wapi?"

"Chini."

"Chini wapi?"

"Chini kabisa. Kwanza ulifika karibu na katikati, kisha ukashuka wenyewe, ukalala. Nikasema moyoni, shemeji yangu ni fundi, safari hii gari hata joto halipati. Ulipopiga simu ulikuwa umelala hivyohivyo. Nikakwambia poa." Aliinua uso. "Nimeangalia, shemeji. Wallahi sikutoa macho. Wanasema nilipuuza. Niliangalia mpaka macho yakauma."

Bi Geji alikuwa amemwambia mtu huyu *mshale ukipanda*, lakini hakumwambia *mshale ukishuka*. Miaka ishirini na sita mbele ya geji, na nusu ya maneno yake aliiacha mdomoni.

"Na fomu nayo ilisema hivyo," Taratibu aliendelea, kama mtoto anayejitetea. "Afisa alinipa niiweke kwenye gari. Niliisoma. Hali ya gari, poa."

"Iliandikwa nini?"

"Poa. Mbele yake palikuwa na mchoromchoro, nikadhani ulikosea ukafuta. Niliporudi aliichukua tena."

Bi Geji alisimama hata kigoda kikaanguka. Hakuaga. Alitembea mpaka karakana kwa miguu, akafungua droo ya vifaa, akatoa daftari lake alimoihifadhi nakala ya chini, akaifunua. Kaboni ilikuwa imeshika kila herufi kwa rangi ya bluu, maana alikuwa ameikandamiza kalamu: HALIJAPOA. Hakukuwa na mchoro wala kufuta. Mtu alikuwa amepitisha kalamu juu ya herufi sita za mwanzo, kwenye karatasi ya juu peke yake, akaacha tatu za mwisho. Kwa mstari mmoja wa wino gari lililokatazwa kutoka likawa gari lililoruhusiwa, na mtu aliyetii akawa mtu aliyepuuza. Aliichukua ile karatasi ya "mama yangu", akapangusia kijiti cha kupimia oili. Ilifaa sana kwa kazi hiyo.

Jumanne kikao kilikuwa kwenye ofisi ya mganga mkuu, mwanamke mwembamba mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, asiyependa maneno mengi. Afisa alisoma ripoti yake. Taratibu alisimama mlangoni, sare imepigwa pasi mpaka inakata. Alipoulizwa kama ana la kusema, alisema, "Niliangalia." Basi.

"Fundi?"

"Daktari, mimi sina la kusema. Nina la kuonyesha. Naomba birika la chai la ofisi hii, na uje uani."

Gari la wagonjwa lilikuwa limevutwa mpaka uani, boneti wazi. Bi Geji alikuwa ameshafungua ile sensa ya joto, kidude cha shaba kinachokaa ndani ya maji ya injini na kuiambia geji kuna joto kiasi gani, akaiunga kwa waya mrefu ili itoke nje. Akamwomba mganga mkuu akae kiti cha dereva na kuwasha swichi. Kisha akamimina maji ya moto kwenye kikombe, akatumbukiza sensa.

"Daktari, unaona nini?"

"Mshale unapanda. Umefika katikati. Unaendelea."

Bi Geji akaitoa sensa majini, akaipangusa, akaining'iniza hewani. Wakasubiri. Karani mmoja alichungulia dirishani, na mpishi alikuja kuulizia birika lake.

"Sasa?"

"Unashuka." Mganga mkuu aliinama karibu na dashibodi. "Umelala chini kabisa."

"Siku ile injini ya gari hili iliungua mshale ukiwa hapo ulipo sasa. Geji haipimi injini, daktari. Inapima maji. Hewa iliyobaki ndani ilisukuma maji nje, maji yakamwagika, na maji yakimwagika hayazoleki. Geji ikakosa cha kupima. Dereva aliona hicho unachokiona wewe, na wewe ni daktari."

Mganga mkuu alizima swichi, akashuka garini.

"Kwa hiyo," afisa alidakia, "fundi alipaswa kumweleza dereva jambo hilo! Hakumweleza!"

"Ndiyo," alisema Bi Geji.

Afisa akachomoa kalamu upesi.

"Ndiyo, sikumweleza. Nilimwambia ukipanda, sikumwambia ukishuka. Kosa hilo ni langu, liandike kwa jina langu, herufi zote. Nikaulizia gari, nikaambiwa poa, sikuuliza poa vipi. Hilo nalo andika. Lakini hili," akatoa nakala ya bluu kifuani, "hili ni la nani?"

Mganga mkuu aliomba fomu ya juu. Afisa aliipekua kwenye faili muda mrefu kuliko ukubwa wa faili lenyewe. Zilipowekwa pamoja juu ya kiti cha dereva, hakuna aliyehitaji miwani.

"Nani alikata hapa?"

"Nili... nilisahihisha lugha tu, daktari," afisa alisema. "Halijapoa si lugha ya ofisi. Fomu inataka hali ya gari. Mbovu, nzuri, poa."

Taratibu, kwa mara ya kwanza baada ya siku tano, alicheka. Kilikuwa kicheko kifupi na kibaya, na hakuna aliyemlaumu.

Ungedhani mambo yaliishia hapo. Njia ya mwongo ni fupi, wahenga walisema, ila hawakusema ikifika mwisho huwa kuna ofisi ya kumpokea. Alhamisi zilitoka barua tatu. Afisa alikumbushwa kuzingatia uandishi bora. Bi Geji alipewa onyo kwa kutotoa maelezo kamili. Aliisoma, akaona ni haki, akaipigilia misumari ukutani chini ya sheria yake, na kwenye sheria akaongeza kwa rangi nyekundu: MSHALE UKILALA, SIMAMA. Ya tatu ilikuwa ya Taratibu. Aliileta karakana mwenyewe, anatabasamu, na mkewe pembeni.

"Nimerudishwa, shemeji. Kesho naingia kazini."

Bi Geji aliisoma akiwa amesimama. *Kamati imeona kwamba dereva hana budi kusamehewa kosa, na anarejeshwa kazini.* Akaisoma tena. Damu ilimchemka.

"Kusamehewa kosa gani?"

"Shemeji, yaishe. Mwaka mmoja tu umebaki."

"Utastaafu na karatasi inayosema ulikosa ukasamehewa? Uiweke wapi, pale juu ya kabati, pamoja na vyeti?"

"Dada," mdogo wake alisema kwa sauti ya chini, "tumechoka."

"Najua mmechoka. Wanajua pia kwamba mmechoka, ndiyo maana wameandika hivi. Barua hii naondoka nayo. Shemeji, njoo, ni yako."

Hospitalini mganga mkuu alikuwa mezani, afisa amesimama mbele yake na rundo la fomu. Bi Geji hakukaribishwa kukaa wala hakukaa. Aliilaza barua mezani na kuigeuza imwelekee mganga mkuu. Akachukua kalamu iliyokuwa hapo, na mbele ya macho ya wote wawili akapitisha mstari mmoja ulionyooka juu ya maneno mawili: *budi kusamehewa*.

"Unafanya nini?" afisa alipaza sauti. "Huo ni waraka wa ofisi! Huwezi kukata maneno kwenye waraka uliokwisha kusainiwa!"

"Nimesahihisha lugha tu," alisema Bi Geji.

Mganga mkuu aliivuta barua. Alisoma kwa sauti, taratibu, kilichobaki: "Kamati imeona kwamba dereva hana kosa, na anarejeshwa kazini." Alimtazama Taratibu aliyesimama mlangoni na kofia mkononi, kisha akamtazama afisa.

"Mkuki kwa nguruwe," alisema, "kwa binadamu mchungu."

Akaweka sahihi yake pembeni ya mstari, akagonga muhuri juu yake, akampa Taratibu barua kwa mikono miwili. Taratibu aliikunja mara nne, akaitia mfuko wa kushoto wa shati na kuufunga kifungo.

"Na gari letu, fundi?" aliuliza mganga mkuu. "Injini uliyoifunga upya iko katika hali gani? Afisa, andika kwenye fomu."

Afisa alichukua kalamu, uso umemshuka. Gari lilikuwa limevutwa tena kwake tangu Jumanne, na Bi Geji alikuwa ameliacha karakana, limezimwa baada ya moto wa pili, boneti wazi.

"Halijapoa," alisema. Akasogea, akasimama nyuma ya bega la afisa. "Andika neno lote."